Mwaka Mzima Bila Kupanda Ndege: Kitabu cha Tiziano Terzani Kinachofaa Kununuliwa Kwanza

Kitabu ninachokifanyia tathmini hapa ni A Fortune-Teller Told Me cha Tiziano Terzani, mwandishi wa habari wa Kiitaliano aliyezaliwa Florence mwaka 1938 na kufariki mwaka 2004 katika kijiji cha Orsigna, kwenye milima ya Apennini. Kwa Kiitaliano kilitoka mwaka 1995 kwa jina la Un indovino mi disse, na tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Joan Krakover Hall ikafuata mwaka 1997. Nimekinunua kwa muuza vitabu vya mitumba hapa Moshi kwa shilingi 10,000, bei ambayo naiona ya haki kwa kitabu kinene chenye mgongo uliokwisha kukunjwakunjwa. Namwandikia msomaji wa Moshi au Arusha ambaye amekiona kitabu hiki, au kingine cha mwandishi huyo, kwenye meza ya mitumba na anajiuliza kama atoe fedha yake au apite. Jibu langu ni kwamba atoe, tena aanze na hiki kabla ya vingine vyote vya Terzani, ingawa ndani yake kuna jambo moja kubwa ambalo msomaji wa kwetu atalisoma kwa jicho tofauti na la yule mgeni aliyekiacha hotelini.

Maana vitabu hivi hutufikia zaidi kwa mlango wa utalii. Wageni wanaokuja kupanda Mlima Kilimanjaro au kwenda Ngorongoro na Serengeti, pamoja na vijana wanaojitolea katika shule na hospitali zetu, huja na vitabu vinene vya safari na huondoka bila hivyo, kwa kuwa nafasi yake katika begi imechukuliwa na vinyago, vitenge na kahawa. Nakala yangu ina maandishi ya penseli ya Kijerumani pembezoni mwa kurasa za mwanzo, yameandikwa kwa bidii na kupigiwa mistari, kisha yanakoma ghafla katikati ya sehemu inayohusu Burma, yaani Myanmar ya leo; kutoka hapo hadi mwisho kurasa ni safi kama zilivyotoka kiwandani. Mwenye kitabu wa kwanza, kwa vyovyote vile, hakufika mbali. Alipoteza sehemu nzuri zaidi. Kuhusu kitabu kama kitu cha kushika mkononi, sina sifa nyingi za kukipa: herufi ni ndogo, mistari imesongamana, na karatasi ni ya aina ile inayogeuka rangi ya chai baada ya miaka michache, hivyo anayesoma usiku kwa taa hafifu atayachosha macho yake.

Kisa chenyewe ni rahisi kukieleza. Mwaka 1976, akiwa Hong Kong, Terzani alionywa na mzee mmoja wa Kichina, mpiga ramli, kwamba mwaka 1993 asipande ndege hata mara moja kwa sababu angekuwa katika hatari kubwa ya kufa. Terzani hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo, lakini hakulisahau onyo lile, na mwaka wenyewe ulipokaribia, akiwa mwandishi wa jarida la Kijerumani la Der Spiegel mwenye makazi Bangkok na anayetakiwa kufuatilia habari za sehemu kubwa ya Asia, aliamua kuutii utabiri. Kwa mwaka mzima angefanya kazi ile ile kwa treni, basi, gari, meli na miguu. Mwezi Machi mwaka huo helikopta ya Umoja wa Mataifa iliyobeba waandishi wa habari ilianguka nchini Kambodia, na ndani yake alikuwamo mwenzake Mjerumani wa jarida hilo hilo, aliyekwenda badala yake, ambaye alinusurika akiwa ameumia uti wa mgongo. Mwandishi mwingine angelifanya tukio hilo kuwa kilele cha kitabu na kulizungukia hadi ukurasa wa mwisho. Terzani analitaja, linamtikisa, kisha anasonga mbele, kwa kuwa kilichomteka wakati huo ni kile ambacho kutopanda ndege kulimwonyesha kila siku.

Hapo ndipo thamani ya kitabu ilipo. Mtu anayeruka kutoka kiwanja kimoja cha ndege hadi kingine huona viwanja viwili vinavyofanana, huongea na dereva wa teksi, huhojiana na waziri, hutuma habari na kuondoka. Mtu anayevuka mpaka kwa ardhi hulazimika kukaa. Anayepita Holili kwenda Taveta, au Namanga kwenda Kajiado, anajua kwamba mpaka ni mahali penye maisha yake: wabadilisha fedha wenye mabunda mkononi, wachuuzi, foleni ya malori, afisa anayeuliza maswali yasiyo na haraka, na lugha ile ile inayosemwa kwa lafudhi mbili umbali wa hatua chache. Terzani anapita mipaka ya namna hiyo mmoja baada ya mwingine, na kila unapopitwa anatuonyesha ni nani anayenufaika na uwepo wake na ni nani unayemkandamiza. Katika mwaka huo alizunguka nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, akapanda kwa ardhi kupitia Vietnam, China na Mongolia, akavuka Siberia kwa treni hadi Moscow na kufika kwao Italia, kisha akarudi Asia kwa meli ya mizigo kutoka bandari ya La Spezia hadi Singapore. Kila alipofika aliulizia mtabiri anayeheshimiwa kuliko wote mahali hapo, akaenda, akakaa mbele yake na kumpa tarehe na saa ya kuzaliwa.

Wakazi wa mikoa yetu wana sababu yao ya kulielewa hili kuliko wengine. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 wakati wa Wajerumani na kusogezwa hadi Arusha mwaka 1929 wakati wa Waingereza. Baadaye treni za abiria zikatoweka kwa miaka mingi, hadi ziliporejea Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha mwaka 2020. Waliosafiri kwa treni hiyo kwenda Dar es Salaam baada ya kuzoea basi wanajua jinsi mwendo wa polepole unavyobadilisha hata mazungumzo ya abiria. Terzani angeweza kuandika kitabu kizima kuhusu behewa moja.

Ili kuona kwa nini hiki ndicho kitabu chake bora, inafaa kuijua njia aliyoipita kabla ya kukiandika, maana Terzani wa mwaka 1993 si kijana anayetafuta visa vya kuvutia. Alitoka katika familia isiyo na uwezo, katika mtaa wa wafanyakazi wa Florence, akasoma sheria Pisa, kisha akaajiriwa na Olivetti, kampuni ya mashine za kuandikia ambazo makatibu muhtasi wa zamani wa ofisi zetu wanazikumbuka vizuri. Kampuni hiyo ndiyo iliyompeleka Japani mwaka 1965, na ndiyo iliyomfikisha Afrika Kusini, ambako aliona ubaguzi wa rangi kwa macho yake na kuandika habari zake katika jarida la Kiitaliano la L'Astrolabio. Ni jambo ambalo wasomaji wengi wa Terzani hulipita haraka, nami naona halistahili kupitwa: miongoni mwa kazi zake za mwanzo za uandishi ni ripoti kutoka Afrika, iliyoandikwa na mtu aliyelipwa kuuza mashine, si kuandika.

Baada ya hapo aliacha mshahara wa uhakika, akaenda New York kusoma mambo ya China na lugha ya Kichina katika Chuo Kikuu cha Columbia, akarudi Italia na kujifunza kazi katika gazeti la Il Giorno la Milano. Alitaka kupelekwa Asia. Magazeti ya nyumbani kwake hayakumpa nafasi ya kudumu huko. Aliyempa ni Der Spiegel la Hamburg, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, akianzia Singapore, aliandika kwa Wajerumani kwa takribani miaka 30. Mkewe, Angela Staude, mwandishi naye, alizaliwa Florence kwa wazazi Wajerumani, kwa hiyo lugha hiyo haikuwa ngeni nyumbani. Hali hii ya Mwitaliano anayeishi Asia na kulipwa Ujerumani ndiyo iliyompa uhuru fulani, maana hakuwa wa kambi yoyote kikamilifu, na wasomaji wake wa Italia walikuja kumpenda kwa vitabu zaidi kuliko kwa makala.

Vita vya Vietnam vilimpa vitabu viwili vya kwanza, Pelle di leopardo cha mwaka 1973 na Giai Phong! cha mwaka 1976. Tarehe 30 Aprili 1975, wakati waandishi wengi wa nchi za Magharibi walikuwa wamekwisha kuondoka kwa helikopta za Marekani, yeye alikuwamo Saigon, akabaki na kuandika jinsi washindi walivyoingia na jinsi walivyoanza kutawala. Mwezi huo huo, kabla ya hapo, alikuwa ameponea chupuchupu mpakani mwa Kambodia, huko Poipet, alipokamatwa na wapiganaji wa Khmer Rouge, wanamapinduzi wa kikomunisti wa huko, waliotaka kumuua. Katika miaka ile moyo wake ulikuwa upande wa wanamapinduzi. Aliamini kwamba ushindi wao ungeleta haki. Kambodia ilimfundisha vingine, na kwa sifa yake alikiri hadharani kwamba alichelewa kuamini habari za mauaji ya huko. China nayo alikwenda akiwa na matumaini: mwaka 1980 alihamia Beijing na familia yake, akawaingiza watoto katika shule za Kichina, akasafiri kwa baiskeli na kwa mabehewa ya watu wa kawaida, akaandika alichokiona, na mwaka 1984 akakamatwa, akahojiwa na kufukuzwa. La porta proibita, kitabu cha mwaka huo huo, ndicho kilichotoka katika miaka ile. Kisha ikaja Tokyo, ambako kwa maelezo yake mwenyewe hakuwa na furaha, na mwezi Agosti 1991 akajikuta kwenye mto Amur, mpakani mwa China na Umoja wa Kisovieti, wakati jaribio la mapinduzi lilipotokea Moscow. Badala ya kurudi nyumbani alikatiza Siberia na Asia ya Kati hadi kwenye kaburi la Lenin, na safari hiyo ikawa Buonanotte, signor Lenin cha mwaka 1992.

Msomaji anayezipanga hatua hizi pamoja ataelewa ni mtu wa namna gani aliyekaa mbele ya wapiga ramli mwaka 1993. Ni mwandishi wa habari mwenye umri wa miaka 54, aliyeyashuhudia majibu makubwa ya karne yake yakifa moja baada ya jingine, mengine akiwa ameyaamini yeye mwenyewe, na ambaye sasa anamwendea mzee kipofu wa Bangkok, mwanamke wa kijijini, mtawa, mganga wa pembeni mwa barabara, akiwauliza wanaonaje. Hawaendei kwa kuwa amewaamini. Anawaendea kwa kuwa mawaziri, wanamapinduzi na wataalamu wa uchumi hawana tena jipya la kumwambia. Namna anavyowaandika inastahili kusomwa polepole na kila anayefanya kazi ya habari: anaeleza chumba, anaeleza wanaosubiri kwenye benchi na shida zilizowaleta, anaandika bei, anaandika walichopatia kuhusu maisha yake na walichokosea kabisa, na anawalinganisha bila kuwadhihaki. Utabiri wa mmoja unapogongana na wa mwingine, anaiacha migongano hiyo ionekane. Kadiri kitabu kinavyoendelea tunajifunza kwamba benchi la mpiga ramli ni mahali pazuri sana pa kujua watu wa nchi fulani wanaogopa nini mwaka huo, na kwamba hakuna mkutano na waandishi wa habari unaoweza kutoa habari hiyo.

Sehemu iliyonikaa zaidi ni ile ya Kengtung, mji wa Burma karibu na mpaka wa Thailand, ambao wakati huo ulikuwa ndiyo kwanza umefunguliwa kwa wageni. Barabara ya kuufikia ilikuwa inajengwa, na waliokuwa wakiijenga ni wafungwa waliofungwa minyororo miguuni. Terzani hapigi kelele. Anatuacha tuione miguu na vyuma, kisha anatupeleka mjini kwenye soko na mahekalu ambayo barabara ile ile, kama anavyoamini yeye, inakuja kuyamaliza kwa biashara, kamari na ukimwi. Kurasa hizo chache zinafanya kazi mbili kwa pamoja, yaani kumshtaki anayetawala na kuuliza maendeleo hayo ni ya nani.

Hapo hapo ndipo ninapoanza kugombana naye. Terzani ana huzuni kubwa kwa Asia ya zamani inayopotea, na huzuni hiyo mara nyingine inageuka dharau kwa wanaotaka kuachana nayo. Zege, barabara pana, televisheni, karaoke, hoteli za vioo, vijana wenye kutaka fedha: vyote anavipima kwa kipimo kimoja na vyote vinashindwa. Msomaji wa Arusha anakijua kipimo hicho, kwa sababu anakutana nacho kila msimu wa utalii kwa mgeni anayeudhika akimwona Mmasai na simu ya mkononi, au anayesikitika kwamba nyumba ya kijijini sasa ina bati. Mama anayebeba ndizi kutoka migombani Kibosho au Marangu kuteremka sokoni haioni lami kama msiba. Terzani alikuwa na mshahara wa Hamburg na pasipoti ya Ulaya. Aliweza kuupenda mwendo wa polepole kwa sababu haraka ilikuwa inampatikania wakati wowote aliotaka. Nadhani mwenyewe alilijua hilo, maana yako mahali katika kitabu anapojicheka, lakini hajicheki vya kutosha.

Jambo kubwa nililolitaja mwanzoni linahusu ramli yenyewe. Msomaji wa Ulaya anaweza kuusoma mwaka wa Terzani kama mchezo wa kupendeza, maana kwake mpiga ramli ni mtu wa mbali. Kwetu sivyo. Hapa matangazo ya waganga yamebandikwa kwenye nguzo za umeme, yakiahidi kurudisha mpenzi, kukuza biashara na kumtaja mwizi, na tunajua vizuri kinachofuata pale mpiga ramli anapomtaja jirani. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, watu wenye ualbino wamekatwa viungo, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji hayo. Ramli chonganishi si maneno ya kitabuni. Ni kosa linalozungumzwa na polisi na wenyeviti wa vijiji. Katika kitabu cha Terzani, mpiga ramli anamtabiria mtu aliye mbele yake mambo ya mtu huyo huyo: safari zake, afya yake, fedha zake. Hamwelekezei mwingine kidole. Tofauti hiyo ni ya msingi, na mwandishi makini kama yeye angepaswa kuitolea sura moja walau, kwa kuwa Asia nayo haikukosa watu walioumizwa na maneno ya watabiri. Nilipofika nusu ya kitabu nilikuwa nimekwisha kukata nyota moja kati ya tano za tathmini yangu kwa sababu hiyo, na sikuirudisha.

Pamoja na hayo, sifahamu kitabu kingine cha mwandishi wa habari ambacho kingemsaidia zaidi mwandishi wa kwetu aliyetumwa Loliondo mwaka 2011. Wasomaji wanakumbuka: mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, magari yakipanga foleni kwa kilomita nyingi, mawaziri na makabwela wakinywa kikombe kile kile. Habari nyingi za siku zile zilikuwa za aina mbili, za kusifu na za kukejeli, na zote mbili zilikuwa na haraka ya kufikia hukumu. Ni chache zilizokaa foleni. Ni chache zilizoandika kwa utulivu nani amelala ndani ya basi, amemwacha nani nyumbani, ameacha dawa gani za hospitali na kwa nini, amekopa kwa nani nauli ya kumfikisha Samunge, na jinsi uchumi wa kijiji ulivyogeuka kwa wiki chache. Namna ya Terzani ni kukaa foleni, kunywa kikombe, kisha kuandika juu ya wote waliokunywa pamoja naye bila kudai kwamba amepona wala kwamba wamedanganywa.

Yeye mwenyewe alifika kwenye foleni ya namna hiyo baadaye. Mwaka 1997 aligundulika kuwa na saratani, akatibiwa New York katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, kisha akaanza kuzunguka tena, safari hii kama mgonjwa: India na tiba zake za jadi, Thailand, Ufilipino, Hong Kong, na mwishowe nyumba ya upweke kwenye Himalaya. Un altro giro di giostra, kilichotoka mwaka 2004, miezi michache kabla ya kifo chake, ndiyo hesabu ya safari hiyo. Ni kitabu kirefu, chenye kurasa nzuri sana kuhusu madaktari wa New York, ambao anawaheshimu na kuwachunguza kama alivyowachunguza watabiri, na chenye kurasa nyingine ambazo mhariri mkali angezipunguza. Wakati huo Terzani alikuwa amekwisha kuwa, kwa Waitaliano wengi, mzee wa hekima mwenye ndevu nyeupe na mavazi meupe ya Kihindi. Picha hiyo imeuza vitabu vingi na, kwa maoni yangu, imemfunika mwandishi wa habari aliyekuwa chini yake. Kitabu cha mazungumzo na mwanawe Folco, La fine è il mio inizio, kilichotoka mwaka 2006 baada ya yeye kufariki na kufanyiwa filamu mwaka 2010 Bruno Ganz akiigiza nafasi yake, kinapendwa sana na kina mambo ya kweli ndani yake, lakini anayeanza na hicho atakutana na mafundisho kabla ya kukutana na mwalimu.

Lettere contro la guerra cha mwaka 2002 ni kidogo na kikali. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Oriana Fallaci, mwandishi maarufu wa Florence vilevile, aliandika katika Corriere della Sera makala ya hasira dhidi ya Uislamu; Terzani akamjibu katika gazeti hilo hilo mwezi uliofuata, kisha akaenda Pakistan na Afghanistan kuandika barua zilizokuwa kitabu. Fallaci alikuwa bingwa wa kumbana kiongozi kwa maswali, na mahojiano yake ya mwaka 1972 na Haile Selassie bado yanafaa kusomwa na yeyote anayedhani kwamba heshima kwa mkubwa ni kutomuuliza. Terzani hakuwa na kipaji hicho. Alikuwa na kile cha kukaa chini na mtu asiye na cheo na kumwacha aseme.

Nirudi kwenye bidhaa yenyewe. Kiingereza cha tafsiri ni chepesi na hakimsumbui mhitimu wa kidato cha sita. Majina ya miji na wafalme ni mengi, na ramani nzuri ingefaa, kwa hiyo ni vizuri kuwa na atlasi au simu karibu. Sehemu za mwisho, hasa ile ya kujifunza kutafakari kwa kukaa kimya chini ya Mmarekani aliyewahi kufanya kazi ya ujasusi, zinavutia kwa kisa chake kuliko kwa mafunzo yake, na msomaji asiye na subira anaweza kuzipitia harakaraka. Sehemu za Burma, Mongolia na ile ya melini zisipitiwe harakaraka. Kwa wanafunzi wa uandishi wa habari wa Arusha ningekipa kitabu hiki nyota nne kati ya tano bila kusita, na ningewaomba walimu wao wakisome wakiwa na penseli mkononi, wafike mbali kuliko yule Mjerumani wangu. Kwa msomaji anayetaka kujua tu kama utabiri ulikuwa kweli, nyota tatu, maana hatapata jibu la kumridhisha.

Anayenunua nakala ya mitumba afungue kitabu katikati na kukikunja kidogo kabla ya kulipa, kwa kuwa gundi ya matoleo haya hukauka na karatasi za katikati huchomoka zikiwa zimeshikana kwa mafungu. Nakala iliyochomoka isizidi shilingi 5,000. Na kama kwenye meza hiyo hiyo ataona Goodnight, Mister Lenin au Behind the Forbidden Door, yaani Buonanotte, signor Lenin na La porta proibita kwa Kiingereza, ambavyo ni nadra zaidi huku kwetu, avichukue vyote viwili bila kuchelewa, kisha aendelee kupatana bei ya hiki.